Bastola ndogo ya masalio ya jeshi: unanunua nini hasa ukitaka kuibeba kiunoni Marekani

Katika maduka ya silaha ya Marekani, kwenye kabati la bastola zilizokwisha kutumika, kuna kundi moja ambalo mnunuzi husimama mbele yake kwa muda. Ni bastola fupi za chuma zilizotoka maghala ya majeshi na polisi wa Ulaya Mashariki baada ya Vita Baridi: Makarov ya Bulgaria, CZ 82 ya Chekoslovakia, P-64 ya Poland, PA-63 ya Hungary. Zilitengenezwa kwa ajili ya afisa, rubani na dereva wa kifaru, watu ambao bastola kwao ni silaha ya akiba. Ndiyo maana ni ndogo, zina vipande vichache, na nyingi zilivaliwa kiunoni miaka mingi bila kupigwa sana.

Mtu anayetafuta bastola ya kubeba chini ya shati huziona akahisi amepata bahati. Inawezekana. Lakini nchi ilikotoka na umri wake havisemi mengi. Mambo matatu ndiyo yanayoamua kama bastola hiyo inafaa kukaa ubavuni mwako na risasi ndani: sefti yake (kizuizi cha kufyatua) inafanyaje kazi, springi zake zina hali gani, na risasi zake utazipata wapi.

Makala hii inahusu Marekani tu. Kenya silaha hutolewa kwa leseni ya Bodi ya Leseni za Silaha, na Tanzania kwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Bastola iliyonunuliwa kihalali Ohio au Texas haina uhalali wowote ukiipeleka Nairobi au Mwanza, na kuitoa Marekani bila kibali ni kosa la shirikisho.

Kabla ya bastola, karatasi

Kwa muuzaji mwenye leseni, mnunuzi wa bastola lazima awe na miaka 21. Unajaza Fomu 4473, fomu ya shirikisho ya ununuzi wa silaha, kisha muuzaji anapeleka taarifa zako kwenye mfumo wa ukaguzi wa rekodi uitwao NICS, ulioanza Novemba 1998. Majibu ni matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. Baadhi ya majimbo yana masharti zaidi: California ina siku 10 za kungoja, na Illinois inataka kwanza uwe na kadi ya FOID, yaani kadi ya jimbo ya kumiliki silaha.

Wahamiaji hukwama kwenye mambo madogo. Anwani kwenye kitambulisho lazima iwe ile unayoishi sasa. Ukihama Minneapolis kwenda St. Cloud na leseni ya udereva bado inaonyesha nyumba ya zamani, badilisha kwanza au lete hati nyingine ya serikali yenye jina na anwani mpya. Sanduku la posta halikubaliki. Mwenye green card anaweza kununua, na anaandika namba yake ya uhamiaji kwenye fomu. Hapo kuwa mwangalifu sana na kisanduku cha uraia: kujitia raia wa Marekani kabla hujaapishwa, hata kwa haraka ya kalamu, kunaweza kuharibu kesi yako ya uhamiaji. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kwa kawaida hakubaliwi, isipokuwa ana sifa maalumu inayotambuliwa na sheria, mathalani leseni halali ya uwindaji. Asiye na hati hakubaliwi kabisa. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi aanze kwa mwanasheria wa uhamiaji, asianzie dukani.

Asiyejua kusoma au kuandika anaweza kujaziwa majibu na mtu mwingine, lakini mtu huyo asiwe muuzaji, na mashahidi wawili waweke sahihi. Saini ya mnunuzi ni yake mwenyewe.

Jambo moja linawaponza watu wema. Binamu yako hana karatasi zilizokamilika, anakupa fedha, anakuomba umnunulie bastola kwa jina lako. Kwetu hilo laweza kuonekana ni msaada wa undugu. Kwa sheria ya shirikisho ni ununuzi wa kumficha mnunuzi halisi, na tangu 2022 kosa hilo linaweza kukupa kifungo cha hadi miaka 15. Kosa la silaha pia ni sababu ya kufukuzwa nchini kwa asiye raia. Mkatalie binamu, hata akinuna.

Ukinunua kutoka jimbo jingine, bastola haiji mlangoni kwako. Inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo lako, anayekufanyia ukaguzi na kukutoza ada, mara nyingi kati ya dola 20 na 50. Watu watakuambia kuhusu leseni ya mkusanyaji, aina ya 03, ya dola 30 kwa miaka mitatu, inayoruhusu silaha za kihistoria kuja moja kwa moja nyumbani. Ipo, na ni halali kwa silaha zenye miaka 50 au zilizoorodheshwa. Ila ni ya mtu anayekusanya na kutunza daftari la kila silaha inayoingia na kutoka. Kwa bastola moja haina haja.

Kununua ni jambo moja na kubeba ni jingine. Majimbo 29 yanaruhusu mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bila kibali, mengine yanataka kibali na mafunzo (Illinois saa 16), na kibali cha jimbo lako huenda kisitambuliwe ukivuka mpaka. Angalia pia idadi ya risasi kwenye magazini, yaani kasha la risasi linaloingia kwenye mpini. CZ 82 inachukua 12, na katika majimbo kama New York, New Jersey na California kikomo ni 10. Bastola halali kabisa Kentucky inaweza kukutia matatani ukisafiri nayo.

"Milimita tisa" si jina moja

Hapa ndipo fedha na vidole hupotea. Bastola nne nilizozitaja hutumia risasi ya 9x18 Makarov. Siyo 9x19, ile inayouzwa kila duka kwa jina la 9 mm, wala siyo 9x17, ambayo Wamarekani huiita .380. Tofauti haipo kwenye urefu wa ganda peke yake. Kichwa cha risasi ya Makarov kina kipenyo cha milimita 9.27, na zile nyingine mbili ni takriban 9.0. Risasi ya .380 inaweza kuingia kwenye chemba ya Makarov (tundu la risasi nyuma ya mtutu) na hata kulia, lakini kichwa kinapita mtutuni kikiwa kimelegea na ganda halishikwi sawasawa. Usifanye. Soma maandishi kwenye mtutu au slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma ukipiga), si kwenye kadi ya bei, kwa sababu kiwanda cha Hungary na kile cha Czech vilitengeneza pia ndugu za bastola hizi kwa .380. CZ 83 na CZ 82 zikiwa mezani zinafanana kama pacha.

Zamani hoja kubwa ya 9x18 ilikuwa urahisi wa risasi za Urusi. Mwaka 2021 Marekani iliacha kutoa vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka huko, na hoja hiyo ikafifia. Risasi bado zipo: Sellier & Bellot ya Czech, Prvi Partizan ya Serbia, na Hornady wanatengeneza ya kujilinda yenye kichwa cha gramu 6 hivi. Ila duka la kawaida la mtaani laweza kuwa na masanduku mawili tu, na bei kwa kila risasi huwa juu kuliko 9x19. Kabla hujalipia bastola, ulizia bei ya risasi 500. Kama hesabu hiyo inakukatisha tamaa, utabeba silaha ambayo huifanyii mazoezi.

Tabia ya kila moja

Zote nne hazina kufuli la mtutu. Slaidi inazuiwa na uzito wake na springi peke yake, na mtutu umekaa imara kwenye fremu. Faida ni usahili na usahihi wa shabaha. Hasara ni kwamba springi lazima iwe ngumu, na mkono unahisi pigo kuliko ungetarajia kwa risasi ya ukubwa huo.

Makarov ilichukuliwa na jeshi la Sovieti mwaka 1951. Ina uzito wa gramu 730, risasi 8, na urefu wa sentimita 16. Kwa maoni yetu ndiyo inayosamehe zaidi katika kundi hili. Sefti iko kwenye slaidi: juu ni salama, chini ni tayari. Ukiipandisha huku nyundo imevutwa, nyundo inashushwa bila kugonga pini inayolipua risasi. Nyingi zilizoko sokoni ni za Bulgaria, zenye alama ya namba 10 ndani ya duara. Ukiona yenye kilengeo cha nyuma kinachorekebishwa, hiyo si ya jeshi: ni toleo la kiraia la Urusi, IJ-70, lililowekewa kilengeo hicho ili lipite masharti ya kuingizwa Marekani. Yaweza kuwa bastola nzuri, lakini usiilipie bei ya masalio ya jeshi.

Kasoro ya kuijua: pini ya Makarov inaelea bila springi. Ikiwa njia yake imejaa grisi ngumu ya ghalani, pini inaweza kunata ikiwa mbele, na bastola ikafyatuka yenyewe slaidi inapofunga. Kwa hiyo, kabla ya risasi ya kwanza, toa pini, isafishe pamoja na njia yake kwa mafuta ya taa, nje ya nyumba na mbali na moto, kisha irudishe ikiwa kavu. Usiipake mafuta. Tikisa slaidi: pini isikike ikicheza.

CZ 82 ni nzito zaidi, gramu 800, na ndiyo yenye kifyatuo kizuri kuliko zote. Sefti na kitufe cha magazini vipo pande zote mbili, kwa hiyo mtumia shoto hana shida. Wengi huiangalia mtutu kwa tochi wakaona ndani laini bila mifuo mikali, wakaikataa wakidhani imechakaa. Haijachakaa, mtutu huo ulitengenezwa kwa kingo za mviringo na ukawekewa kromu. Rangi nyeusi iliyobabuka pia ni kawaida, kwani ilipakwa rangi, haikuchovywa kama bastola nyingine. Tatizo lake kwa mbebaji liko kwingine: haina kitu cha kushusha nyundo. Ukishaingiza risasi chembani, ama uibebe nyundo ikiwa imevutwa na sefti imefungwa, ama uishushe nyundo kwa kidole gumba juu ya risasi hai. Njia hiyo ya pili ndiyo hupasua sakafu za watu. Mtu asiyeridhika na nyundo iliyovutwa kiunoni asinunue CZ 82.

P-64, iliyoingia jeshini Poland mwaka 1965, ni nyembamba, ina gramu 620 na risasi 6. Hakuna inayofichika vizuri kama hii. Ila mvuto wa kwanza wa kifyatuo, nyundo ikiwa chini, ni mgumu kiasi kwamba wengine wanashindwa kwa kidole kimoja. Dawa inajulikana: springi ya nyundo iliyo nyepesi zaidi, kutoka kwa Wolff, watengenezaji wa springi za silaha. Usichague nyepesi kuliko zote. Nyundo ikipiga dhaifu, risasi zenye kiberiti kigumu (sehemu ya nyuma inayogongwa na pini) hazilii, na utaligundua hilo siku usiyoitaka. Weka ya kati, kisha jaribu kwa risasi zilezile utakazobeba.

PA-63 ina fremu ya alumini, gramu 595, na wepesi huo unalipwa na kiganja. Ni ya bei ndogo, ni safi kwa macho, na inachosha haraka mno uwanjani. Mazoezi yakikuumiza utayaacha.

Angalizo kwa anayemiliki zaidi ya moja: sefti ya Makarov ni salama ikiwa juu, ya P-64 na PA-63 ni salama ikiwa chini. Mikono haikumbuki tofauti hiyo kwenye hofu. Chagua mtindo mmoja ubaki nao.

Utaonyeshwa pia Tokarev, bastola ya Kisovieti iliyotangulia Makarov, nyembamba na ya kuvutia. Ya asili haikuwa na sefti. Waagizaji walilazimika kuongeza moja ili iruhusiwe kuingia, na ubora wa kazi hiyo hutofautiana. Risasi zake za zamani za ghalani nyingi zina kiberiti kinacholeta kutu usiku huohuo usiposafisha. Iache kwa wakusanyaji.

Kukagua mezani

Kwanza toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba kwa jicho na kidole. Kwa Makarov, sefti ikiwa juu slaidi haivutiki, kwa hiyo ishushe kwanza huku mdomo umeelekezwa mahali salama. Omba ruhusa ya muuzaji kabla ya kufyatua tupu.

Vuta nyundo, kisha isukume mbele kwa kidole gumba kwa nguvu ya wastani bila kugusa kifyatuo. Isianguke. Ikianguka, kishikio chake kimelika, na bastola hiyo irudi kabatini. Kwa zile zenye sefti ya kushusha nyundo, tumbukiza penseli mtutuni, upande wa raba uwe ndani, mdomo ukitazama juu. Vuta nyundo, funga sefti. Penseli isitikisike hata kidogo. Fungua sefti, vuta nyundo tena, fyatua: sasa penseli iruke. Mtihani huu hauna gharama na unakuambia mambo mawili kwa mpigo, kwamba sefti inazuia kweli na kwamba pini inafika.

Shika kifyatuo kikiwa kimevutwa, vuta slaidi na uiachie, kisha legeza kidole polepole. Utasikia kubofya. Fyatua tena, nyundo ianguke. Weka magazini tupu, vuta slaidi: ibaki nyuma.

Kufungua ni rahisi kwa bastola hizi zote: kizingo cha kifyatuo kinavutwa chini, slaidi inavutwa nyuma, inainuliwa na kutolewa mbele. Tazama kwenye pembe za tundu la kutolea maganda kama kuna ufa mwembamba kama unywele. Ndani ya mtutu, pete nyeusi inayozunguka ni dalili kuwa risasi iliwahi kukwama na nyingine ikapigwa nyuma yake. Mtutu huo umevimba. Kisha legeza skrubu ya mpini. Kutu kubwa hujificha hapo, mahali ambapo jasho na unyevu wa ala ya ngozi vilikaa miaka 30, na wauzaji wachache hufungua.

Alama ya mwagizaji, yaani jina la kampuni na mji, ipo kwa lazima ya sheria. Haipunguzi ubora. Magazini ikaguliwe midomo: ikiwa imepanuka, risasi zitaruka au kusimama wima. Uliza pia bei ya magazini ya pili kabla ya kukubaliana bei ya bastola, kwa sababu za asili huadimika.

Hesabu baada ya kulipa

Springi ya kurudisha slaidi ni ya kubadilisha mara moja, hata kama bastola inaonekana mpya. Hujui ilipigwa risasi ngapi. Springi ikichoka, maganda huruka mbali sana na slaidi hupiga fremu kwa nguvu. Huko ndiko nyufa zinakoanzia. Ya Makarov ya kawaida ni ya ratili 17. Badilisha na ya magazini. Ongeza kifuko kigumu kinachofunika kizingo chote cha kifyatuo, maana vifuko laini vya kitambaa hujikunja na kuingia kwenye kifyatuo. Jumlisha springi, magazini, kifuko, ada ya muuzaji na risasi za majaribio, na mara nyingi umefika au umepita bei ya bastola mpya ndogo ya 9x19. SIG P365, iliyotoka 2018, ina risasi 10 kwa gramu 500 hivi, na vipuri vyake vimejaa sokoni. Kwa mtu ambaye hii itakuwa bastola yake ya kwanza na ya pekee, tunashauri mpya. Masalio ya jeshi yanamfaa anayependa chuma, aliye tayari kushika bisibisi, na aliyekubali kununua risasi kwa katoni.

Ukishainunua, piga risasi 200 za kichwa cha mviringo uwanjani, kisha zisizopungua 50 za ile utakayobeba. Bastola hizi zilichongwa kwa risasi ya kijeshi. Kichwa chenye shimo kinaweza kugota kwenye mteremko wa chemba. Ikigota mara moja, jaribu magazini nyingine kwanza. Ikigota tena, badilisha aina ya risasi, na kama bado haipiti, beba za mviringo ukijua kwamba zinapenya zaidi na kilicho nyuma ya shabaha ni jukumu lako.

Kiunoni, hakuna kati ya hizi iliyo na kinga za kisasa za kuanguka. Ikikuponyoka, iache ianguke. Wanaojaribu kuidaka ndio huingiza kidole kwenye kifyatuo. Nyumbani, huenda muuzaji amekupa kufuli, lakini kufuli la waya kwenye droo halimzuii mtoto wa miaka kumi mwenye mchana mzima peke yake. Nunua kasha la chuma la namba za siri, lifunge kwa skrubu kwenye ukuta au kitanda, na bastola iingie humo kila inapotoka kiunoni.